Binti Anapotaka Kwenda Kilwa na Begi Mgongoni

Yeyote anayepita Nangurukuru, pale njia ya Kilwa Masoko inapoachana na barabara kuu ya Lindi na Mtwara, hakosi kuwaona. Ni vijana wa Kizungu, mara nyingi wawili wawili, na mara nyingine ni msichana peke yake. Begi limempanda mgongoni hadi kisogoni, chupa ya maji inaning'inia ubavuni, na viatu vimejaa vumbi la safari. Watoto wetu huwaita watalii, ingawa fedha za kitalii vijana hawa hawana. Wanalala gesti za kawaida, wanakula kwa mama lishe, wanabishana bei ya bodaboda kama tunavyobishana sisi. Wanakaa siku mbili, wanavuka kwenda Kisiwani, wanarudi, na asubuhi ya tatu wako kituoni wanangoja basi.

Sisi tunaoishi mwambao huu wa Lindi tumezoea kuwatazama wakipita na kuwahurumia kidogo. Tunajiuliza huyu mtoto wa watu mama yake yuko wapi, na analala usingizi kweli?

Mwezi huu tumepata swali la namna hiyo, ila safari hii begi limo nyumbani mwetu. Mama mmoja wa Dar es Salaam ametuandikia kwamba binti yake wa miaka 21, aliye chuoni, anataka kwenda Kilwa wakati wa likizo pamoja na wasichana wenzake wawili. Watalala siku tatu. Nauli ameiweka mwenyewe kidogo kidogo. Baba amekataa kabisa. Amesema binti wa watu hazururi, na amemwambia mkewe, "Mama watoto, ukimruhusu, lolote litakalotokea ni juu yako." Binti naye ameacha kula mezani na wenzake. Mama huyu yuko katikati, na anatuuliza waziwazi: ninyi mngemruhusu?

Tungemruhusu. Lakini si kwa sababu Wazungu wanawaruhusu wa kwao, maana hiyo si hoja ya kumpelekea baba yeyote mwenye akili. Tunazo sababu nyingine, na baadhi yake ni za zamani sana.

Mgeni maarufu kuliko wote waliowahi kupita Kilwa alikuwa naye kijana msafiri. Ibn Battuta alitoka kwao Tangier, nchi ya Moroko, mwaka 1325, akiwa na umri wa miaka 21, umri uleule wa binti wa mwenzetu. Aliondoka peke yake kwenda kuhiji Makka. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na yeye mwenyewe baadaye alisimulia jinsi kuachana nao kulivyomwumiza. Mwaka 1331 pepo za kaskazi zilimleta pwani yetu. Alipita Mogadishu, akapita Mombasa, akafika Kilwa. Hakukaa sana, msafiri wa bahari hukaa kadiri upepo unavyomruhusu, na kusi ilipovuma akaondoka. Lakini maneno aliyoyaacha juu ya Kilwa yanasomwa hadi leo duniani kote. Aliisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vema, na watu wake aliwasifu kwa uchaji na uadilifu.

Tunapenda mama zetu wazingatie jambo hili. Kilwa aliyoiona haikuwa kijiji cha wavuvi. Ulikuwa mji mkuu wa dola. Sultani wa Kilwa alitawala biashara ya dhahabu iliyotoka bara na kushushwa Sofala, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Mji ulipiga sarafu zake wenyewe za shaba. Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imepatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Na za kushangaza zaidi ni zile sarafu tano za Kilwa alizoziokota askari mmoja mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Watoto wetu wanafundishwa shuleni majina ya miji mikuu ya Ulaya na Amerika, na ni vizuri. Wangapi wanajua kwamba mji mkuu mmoja uko safari ya siku moja kutoka Mbagala?

Sultani huyo ndiye aliyempokea Ibn Battuta, na watu walimpa jina la mtoaji wa zawadi kwa ukarimu wake. Msafiri anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani Ijumaa, akitoka kusali, akamwomba nguo alizozivaa. Sultani hakubisha. Akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Mwanawe, alipoona watu wanavyomsifu baba yake, akazichukua nguo kwa yule fakiri na kumpa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hadithi hii husimuliwa kama mfano wa ukarimu. Sisi akina mama tukiisoma tunakwama pale kwenye hesabu. Kumi na kumi ni ishirini, na kila mmoja wa hao ishirini alizaliwa na mama. Hakuna aliyeandika majina yao wala walikotolewa. Binti anayesimama kwenye magofu yale na kukumbuka hilo ameona jambo ambalo watu wengi wanaopiga picha hawalioni, na hii ndiyo sababu yetu ya kwanza. Historia ya Kilwa ina fahari na ina machozi ndani ya ua mmoja, na haifai kijana wetu aipate kwa kusimuliwa na mgeni.

Sababu ya pili inatuhusu sisi wanawake hasa. Wazee wa Kilwa wana hadithi ya asili ya mji wao. Alikuja mtu kutoka Shirazi, Ali bin al-Hasan, akakinunua kisiwa kutoka kwa mtawala mwenyeji kwa nguo zilizotosha kukizunguka kisiwa kizima. Masimulizi mengine yanasema alimwoa binti wa mtawala huyo. Kwa miaka mingi wasomi walibishana. Wengine walisema miji ile ilijengwa na wageni, wengine wakasema hadithi za Washirazi ni za kujikweza tu. Mwaka 2023 ulitoka uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale ya watu wa pwani, ikiwamo mifupa ya Kilwa na Songo Mnara. Ulionyesha kwamba kuanzia yapata mwaka 1000 palikuwa na kuchanganyika kwa damu kweli: upande wa wanaume ulitoka sana Asia, hasa Uajemi, na upande wa wanawake ulikuwa kwa sehemu kubwa wa Kiafrika. Kwa lugha nyepesi, baba wengi walikuja na majahazi, na mama walikuwa wenyeji. Sasa, lugha ya mtoto huitwaje? Lugha ya mama. Kiswahili chetu kina muundo wa Kibantu na maneno mengi ya wageni, na mwenye kujiuliza kwa nini Kiarabu au Kiajemi hakikushinda na atafakari ni nani aliyekuwa akibembeleza watoto usiku.

Tuje kwenye safari yenyewe, maana baba anataka kujua binti atafanya nini huko siku zote hizo.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni yapata kilomita 300. Mabasi ya njia hii hupatikana upande wa Mbagala. Wale wenye umri wetu wanakumbuka kivuko cha Ndundu kwenye Mto Rufiji, na jinsi mvua zikinyesha mtu aliweza kukaa njiani siku hadi siku, watoto wanalia, mikate imeisha. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 mateso yale yakaisha. Hata hivyo masika si wakati wa kumtuma mtoto. Mei 2024 mafuriko yaliikata barabara hii maeneo ya Somanga, na abiria wakakwama. Kuanzia Juni njia hukauka, ingawa ndio wakati kusi inavuma kwa nguvu baharini, hasa mchana. Kwa hiyo mashua ivukwe asubuhi.

Masoko ndiyo makao ya wilaya, na hapo ndipo wanapata kibali cha kuingia Kisiwani na kijana wa kuwaongoza. Kibali si cha kukwepa. Mtanzania hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo wabebe vitambulisho. Kuvuka ni karibu kilomita mbili tu, na upepo ukiwa mzuri mashua ya tanga hutumia muda mfupi. Kandambili zisizoogopa maji zinatosha miguuni.

Kinachoonekana kwanza ni Gereza, ngome iliyosimama ukingoni mwa maji. Wareno waliuvamia mji Julai 1505, wakaupora na kujenga ngome. Wenyewe waliihama baada ya miaka michache, na jengo la sasa kwa sehemu kubwa ni la Waomani wa karne za baadaye. Mbele kidogo ni Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 au ya 12, na sehemu ya kuba na nguzo iliongezwa baadaye. Mtu akiingia chini ya kuba zile adhuhuri, jua linapita kwenye nafasi za nguzo na mawe ya matumbawe yanakuwa na rangi ya maziwa. Hatujui namna bora ya kulieleza. Na mbali kidogo na mji, juu ya jabali linalotazama bahari, ni Husuni Kubwa, jumba la Sultani yuleyule wa nguo za fakiri. Lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu na haiwahi kufagika vizuri atawafikiria waliofagia vyumba mia.

Magofu haya pamoja na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuwa bahari na mvua vilikuwa vinayala. Kuta zikakarabatiwa, na mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha hiyo.

Mgeni wa siku moja huishia hapo. Anapiga picha, anarudi Masoko kula samaki. Tungependa binti wa mwenzetu na rafiki zake wakae nusu saa zaidi, kwa sababu Kisiwani si magofu matupu. Kuna watu wanaishi. Maji yakitoka, wanawake wanashuka mwambani kuchokoa pweza kwa vijiti, kanga zimekunjwa magotini. Wengine wanalima mwani. Kuna visima, kuna mashamba madogo, kuna watoto wanaotoka shule. Wenyeji ni Waislamu, na wageni wetu ni mabinti wa Kikristo, kwa hiyo adabu ni ileile ambayo mtu angeitaka nyumbani kwake: salamu kwanza kabla ya swali, shikamoo kwa wazee, mabega na magoti yafunikwe kwa dera au kanga, ruhusa iombwe kabla ya kumpiga mtu picha, na kama ni mwezi wa Ramadhani wasile wala kunywa hadharani. Huu ndio utamu alio nao binti wa Kitanzania kuliko yule mwenye begi kubwa aliyetoka mbali. Yule anatazama tu. Huyu anaweza kuketi mkekani na kuuliza pweza anauzwaje, na akajibiwa.

Siku ya pili waende Kivinje, kilomita chache kutoka Nangurukuru. Watu wengi hupitwa na mji huu, nasi tunaona si haki. Kilwa Kisiwani ilipopungua nguvu, Kivinje ndiyo iliyostawi katika karne ya 19, na ilistawi kwa pembe za ndovu na kwa watu. Misafara ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na waliofika hai walipakiwa kwenye majahazi. Biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, ingawa ilichukua miaka kukoma kweli. Kisha wakaja Wajerumani. Hapo Kivinje ndipo walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, na miaka kumi baadaye sehemu kubwa ya kusini mwa nchi hii ikawaka moto wa vita vya Maji Maji. Majengo ya zamani yamebomoka mengi, milango ya nakshi imebaki michache, na mikoko inapanda hadi karibu na nyumba. Ni mahali pa kutembea polepole bila kelele.

Sasa turudi kwa baba. Hatupendi kumfanya mkaidi. Baba anayemhofia bintiye anajua dunia ilivyo, na mabinti wanaopotezwa njiani si hadithi. Mama asimwendee na hoja za magofu na masultani usiku mmoja akitegemea ushindi. Amwendee na mambo yanayoshikika. Gesti ipi, mwenye nyumba ni nani, simu yake ni ipi. Basi la asubuhi sana, ili wafike jua lingali juu, maana kufika mji mgeni usiku ndiko kunakoleta kutegemea ukarimu wa watu wasiojulikana. Wasichana watatu chumba kimoja, au vyumba viwili vinavyopakana. Mlango una komeo la ndani, chandarua hakina tundu. Kila jioni saa moja binti apige simu nyumbani, na ampigie baba, si mama. Hili dogo hufanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani.

Na kuna jambo jingine ambalo mama amwambie mwanawe wakiwa wawili, baba hayupo. Sehemu zote zenye wageni huwa na vijana wa kiume waliozoea kuwaona wasichana wanaokaa siku mbili na kuondoka. Maneno yao ni matamu na yamekwisha kutumika mara nyingi. Binti hana haja ya kuwa mkali wala kuogopa. Aseme asante, anakwenda na wenzake. Hakuna kuvuka bahari na mtu aliyejuana naye jana, hakuna kugawana kundi baada ya magharibi, na kinywaji asichokiona kikifunguliwa hakinywi. Afadhali ayasikie kwa mama kuliko kujifunza kwa njia nyingine.

Labda mama atauliza, kwa nini tunahangaika hivyo kwa safari ya siku tatu? Ibn Battuta alizunguka miaka 24 kabla ya kurudi Moroko. Alipokuwa njiani kurudi, katika mji wa Taza, mwaka 1349, akapata habari kwamba mama yake amefariki kwa tauni. Baba alikwisha kufa miaka mingi nyuma. Tunamkumbuka mama yule asiyeandikwa jina, aliyemwona mwanawe akitoka akiwa na miaka 21, asimwone tena. Hakuwa na simu ya saa moja jioni. Mwenzetu anayo, na binti anarudi Jumapili. Ni afadhali begi la kwanza litoke mlangoni kwa baraka ya wazazi wote wawili, likiwa na kanga mbili alizozikunja mama, kuliko lile la pili, ambalo binti wa miaka 21 aliyenyimwa hulifunga usiku mwenyewe.

Fedha wabebe taslimu na za noti ndogo ndogo, maana mwenye mashua hana chenji ya noti kubwa, na wazigawe mahali pawili. Jaketi za kuokolea ziwepo mashuani kabla hawajapanda, wala wasione haya kuziulizia. Wabebe dawa zao, kofia, maji ya kutosha ya Kisiwani, na viazi au mihogo ya kuchemsha ya kula njiani. Wakichelewa mashua ya asubuhi, wasikodi ya alasiri kwa hasira. Wavuke kesho yake.

Na kama baba, baada ya yote hayo, atasema basi nitawasindikiza mwenyewe, mama asicheke. Aende. Huenda hata yeye hajaiona Kilwa. Ila amchukulie gesti ya mtaa wa pili.